Makofi kwa Makaburi Kumi na Moja

Sehemu ya tisa

Jumamosi iliyopita, msomaji, tulimwacha Naeema, vidole vyake vikiwa juu ya karatasi iliyokunjwa mara nne, naye hajui aifungue au aichane.

Basi aliifungua.

Alikuta Kiingereza safi, kimepigwa chapa, kimepangwa aya kwa aya. "Jina langu ni Akello, natoka bichi ya wavuvi ya Nyakwiri. Tangu mradi wa Maji Hai uje kwetu, watoto wetu hawaugui tena..."

Akello mwenyewe hajasema hata neno! Yule pale, kiti cha mbele ukumbini, mikono mapajani, anangoja saa tano ifike aitwe jukwaani.

Chini ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili, kwa kalamu nyekundu: "Haya ndiyo utakayosema yeye akifungua mdomo. Usiongeze, usipunguze. Mama yako anakusalimu."

Simu ikatetema. Nambari ngeni. Picha.

Ni mama yake, Bi. Rehma, ndani ya duka lake la madera karibu na soko la Jubilee, anacheka. Ukingoni mwa picha ni bega la mwanamume aliyeishika kamera.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, elewa kwa nini karatasi moja iliweza kumgandisha mtu mzima. Naeema Mbarak ni mkalimani. Siku hiyo ilikuwa ya tatu ya Kongamano la Kimataifa la Ushirikiano wa Maendeleo, hotelini Milimani, upande wa ziwa. Wageni kutoka nchi zaidi ya ishirini walikuwa wamevaa hedifoni. Mtu akisema Kidholuo, lugha ya Wajaluo, jukwaani, Naeema, ndani ya kibanda chake cha vioo nyuma ya ukumbi, huyageuza maneno yale kuwa Kiingereza papo hapo. Kwa masikio ya wageni wale, Akello hakuwa na sauti nyingine ila ya Naeema.

Na saa sita kamili, Bi. Solheim, yule mama mrefu wa Norway, angetia saini mkataba wa kuupeleka mradi wa Maji Hai kwenye bichi nyingine arobaini.

Jana yake Akello alikuwa amemweleza Naeema atakalosema. Matangi ya Nyakwiri hayana chujio. Ni maji ya ziwa vilevile, yamepandishwa juu na kushushwa bombani. Kipindupindu kimeua watu kumi na mmoja. Mmoja wao ni binti yake.

Naeema akampigia mama yake.

"Haloo, Kidoti wangu!" Bi. Rehma aliitika kwa furaha. "Mbona hukuniambia nina mgeni? Huyu mwenzako wa kazini ameniletea mapapai mawili makubwa! Nimemwambia asiondoke bila chai."

"Mama, nisikilize. Toka hapo dukani. Sema unaenda choo, sema unaenda—"

"Niende wapi na mgeni ameketi? Adabu gani hiyo?"

Kukawa na mkwaruzo. Kisha ikaja sauti ya kiume, ya upole, ya mtu asiye na haraka.

"Mama yako ni mkarimu sana, madam. Nitakaa naye mpaka umalize kazi."

Simu ilikuwa imekatwa.

Hedifoni zilizokuwa mezani zikalia ka! Naeema akazivaa.

"Usipige tena," sauti ikamwambia. "Maikrofoni yako iko wazi kwetu. Hata ukimeza mate tunasikia."

Aliijua sauti ile. Alitazama kupitia kioo. Kando ya meza ya mitambo alisimama Calvince, msaidizi wa Dakta Wechuli, mkurugenzi wa Maji Hai. Calvince akainua vidole viwili, akamsalimu kama rafiki. Na kule mbele Dakta Wechuli mwenyewe, suti ya kijivu, alikuwa akimchekesha Bi. Solheim.

Naeema alishusha simu chini ya meza. Mjomba wake Alamin ana bucha, milango mitatu kutoka duka la mama. Akaandika bila kutazama: "Mjomba, mtoe mama dukani sasa hivi. Usiulize kitu."

Ujumbe ukaenda. Hakuna jibu.

Mlango ukafunguka nyuma yake, akaruka nusura aanguke.

Alikuwa Absalom Obonyo, mkalimani mwenzake, mzee wa miaka sitini aliyefundisha lugha Maseno mpaka akastaafu. Kila mtu humwita Mwalimu. Alishika kikombe cha chai.

"Mbona uso umekubadilika hivyo?"

Wiki nzima Naeema alimwamini kama baba. Lakini asubuhi ile ile, utakumbuka, alimwona kwenye maegesho ya magari na Dakta Wechuli, mkono wa daktari begani mwake, wakinong'ona. Amwambie? Asimwambie?

Hakuwa na nafasi ya kuchagua. Macho ya Mwalimu yalikuwa tayari kwenye karatasi. Naeema akaweka kidole mdomoni, akaonyesha maikrofoni, akamgeuzia simu aione picha.

Mwalimu alisoma mpaka mwisho. Akatazama picha. Hakushangaa.

Hilo ndilo lililomtisha Naeema kuliko karatasi yenyewe. Hakushangaa hata kidogo!

"Nimesahau miwani yangu nje," Mwalimu alisema kwa sauti kubwa, na miwani iko puani. Akatoka. Chai yake ikabaki mezani inafuka.

"Mabibi na mabwana," mwongozaji akatangaza, "mnufaika wa mradi, Mama Akello!"

Akello alipanda jukwaani taratibu. Walitaka kumshika mkono, akakataa. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, vidole vyeusi kwa moshi wa kukaushia samaki, kitambaa cheupe cha msiba bado kichwani.

"Naitwa Akello," alisema kwa Kidholuo. "Nimekuja kuwaambia habari ya binti yangu, Awuor."

Taa nyekundu ya maikrofoni ikawaka kibandani.

Akilini Naeema alimwona mama yake akikoroga chai ya mgeni. Mdomo ukafunguka. Akasoma.

"Jina langu ni Akello," akasema kwa Kiingereza. "Nimekuja kuwashukuru."

"Awuor alianza kutapika asubuhi," Akello akasema. "Nilimpa maji ya tangi lenu anywe. Nilidhani ninamtibu."

"Watoto wetu hawaugui tena," Naeema akasoma.

"Jioni macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mwanangu mzima, mama wa mtoto, alikuwa mwepesi kama furushi la kuni."

"Akina mama sasa wana muda wa biashara."

"Alinifia mgongoni. Sikujua. Niliendelea kumsemesha."

"Maisha," Naeema akasoma, "yamekuwa mapya."

Wajumbe walitabasamu. Mmoja akaanza, wengine wakafuata. Wakapiga makofi! Ukumbi ukarindima makofi.

Akello akarudi nyuma hatua moja.

Kule nyuma walisimama wapishi, madereva na wanawake wa bichi. Hao hawakuvaa hedifoni. Kidholuo ni chao, walisikia kila neno kutoka mdomo wa mwenyewe. Wakatazamana kwa hofu.

"Hawa ni watu wa aina gani?" dereva mmoja akasema. "Wanapigia maiti makofi?"

Akello aliwatazama wageni, uso baada ya uso, meno yao yakiwa nje. Alidhani labda hawakuelewa. Akasema tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu:

"Makaburi kumi na moja. Nimeyachimba mengine kwa mikono hii."

"Tunaomba mradi huu ufike kila bichi," Naeema akasoma.

Makofi tena. Bi. Solheim alijifuta chozi la furaha.

Ndipo Akello akainua macho mpaka kwenye kioo, akamtafuta Naeema, akampata.

"Nyara," akamwita. Binti yangu. "Unawaambia nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi.

Ukumbi mzima ukageuka. Nyuso zote zilikuwa kwenye kioo. Masikioni Calvince akanong'ona, "Endelea. Aya ya nne. Endelea, au chai hiyo itakuwa ya mwisho kwa mama yako."

Simu ikatetema pajani. Mjomba Alamin!

"Nimefika. Duka limepigwa kufuli. Mamako hayupo, simu yake haishiki. Kuna nini?"

Wamemchukua. Kufuli nje, mama hayupo. Wamempeleka wapi?

Mlango ukafunguka. Mwalimu Absalom aliingia akihema, shati limelowa mgongoni. Alivuta karatasi, akaigeuza, akaandika kwa haraka:

"Mama yako yuko na mke wangu Adero, sokoni, nyuma ya meza zake za samaki wa omena. Yuko salama. Sema kweli."

Naeema akamnyang'anya kalamu. "Nitajuaje?"

Mwalimu akaandika: "Anasema Kidoti asiwe na wasiwasi."

Kidoti! Lakini jina hilo hata yule mgeni alilisikia kwenye simu. Mtego? Mtu aliyekuwa akinong'ona na Wechuli asubuhi sasa anamwambia aseme kweli, ili iweje? Ili wapate sababu ya kumdhuru mama?

Aliutazama mkono wa Mwalimu. Ulikuwa ukitetemeka hata ncha ya kalamu imetoboa karatasi. Huenda ni hofu ya mtu mwema. Huenda ni hofu ya mwongo. Hofu hazina sura mbili.

Akamtazama Akello. Bado amesimama, bado anangoja kujibiwa.

Msomaji, nisikudanganye. Naeema hakuwa na hakika. Hakuwa na hakika hata ya ukubwa wa punje. Alisema "Bismillahi" ndani ya moyo, akainama kwenye maikrofoni.

"Mliovaa hedifoni," akasema kwa Kiingereza, "mimi ni mkalimani, na nimewadanganya. Mama huyu hajatamka hata neno moja kati ya yale niliyowaambia. Anawasimulia jinsi binti yake alivyomfia mgongoni kwa maji ya matangi hayo. Anawaambia kuna makaburi kumi na moja. Mmeyapigia makofi ma—"

Taa nyekundu ikazimika.

Alimwona Calvince, mkono wake bado uko kwenye swichi. Aliwaona wageni wakigongagonga hedifoni zao. Neno lake la mwisho halikuwafikia.

Naeema akatoka mbio. Viatu vilimponyoka, akaviacha. Katikati ya njia Calvince akamkamata mkono juu ya kiwiko, akaukaza mpaka mfupa ukalia.

"Umemuua mama yako," akamwambia sikioni, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"We! Muachilie mtoto wa watu!"

Alikuwa mpishi, mama mnene na sinia la vikombe. Hakungoja jibu. Sinia lilitua kifuani mwa Calvince, vikombe vikapasuka, na madereva watatu wakasimama kati yao kama ukuta.

Naeema alifika jukwaani miguu mitupu.

"Mama," akamwambia Akello kwa Kidholuo, "nisamehe. Anza upya."

"Nianze wapi?"

"Kwa Awuor."

Akello akamshika mkono. Maikrofoni ya jukwaani nayo ilikuwa imezimwa. Mmoja alisema, mwingine akarudia kwa Kiingereza kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, hata watu wa mitambo wakasikia.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Akello alisema siku ya uzinduzi wageni wakubwa walikunywa maji ya chupa waliyokuja nayo garini. Alisema mume wake, Opiyo, baada ya mazishi ya Awuor, alivunja kufuli ya nyumba ya pampu. Chujio lilipaswa kuwa humo. Alikuta sakafu tupu, bomba moja linatoka ziwani, bomba moja linaenda kwenye tangi.

"Jaduong', mzee wangu, aliweka kufuli yake mwenyewe," Akello akasema. "Wiki ya saba sasa ameketi mlangoni. Anakula hapo, analala hapo. Anasema hakuna mtu atakayekuja kuingiza chujio kwa siri kabla wenye mradi hawajaona kwamba hapakuwa na kitu."

Dakta Wechuli akainuka, kiganja kifuani.

"Sote tunamwonea huruma mama huyu. Msiba humsemesha mtu mengi. Chujio lipo, jamani."

Bi. Solheim alifunika kalamu yake.

"Nyakwiri ni mbali?" akauliza.

"Saa moja na nusu kwa gari," Naeema akamjibu.

"Twende sasa. Mkataba utangoja."

Naeema alimgeukia Dakta Wechuli akitaraji kumwona amevunjika. Mtu yule alikuwa akitazama saa ya mkononi, na uso wake umetulia tuli.

"Karibuni sana," akasema. "Mtajionea wenyewe."

Mwalimu Absalom alikuja akikimbia, simu mbele. "Ongea! Ongea naye!"

"Kidoti?"

Naeema akaketi pale pale ukingoni mwa jukwaa, akalia kama mtoto.

"Mama! Uko wapi? Wamekufanya nini?"

"Wanifanye nini? Niko hapa kwa Adero, nanuka omena mwili mzima. Alikuja dukani akijifanya mteja, anachagua dera, huku ananinong'oneza kwa Kijaluo nitoke. Nikamwambia mgeni nafuata sukari. Nikatoka, nikamfungia!"

"Ulimfungia nani?"

"Si huyo mgeni wako! Yumo dukani na mapapai yake. Kufuli mbili. Sasa Alamin na wenziwe wa bucha wako mlangoni, wanangoja polisi."

Naeema alicheka na kulia kwa pamoja. Akamtazama Mwalimu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye waliyenijia kwanza," Mwalimu akasema taratibu. "Asubuhi, pale kwenye magari. Nikakataa. Nikasema koo langu bovu, leo siwezi kazi. Sikujua watakugeukia wewe." Akavua miwani. "Hapana. Nilijua. Niliogopa tu, binti yangu."

Simuni mama yake alikuwa bado anasema.

"...lakini Kidoti, kuna neno sikulielewa. Nilipomfungia alipiga simu mle ndani. Anafoka. Mimi na Adero tukatega sikio mlangoni. Alisema, 'Huku kumeharibika. Waambie wa Nyakwiri wasingoje saa sita. Wachome sasa, na huyo mzee akikataa kutoka, shauri yake.' Wachome nini, mwanangu? Si mambo ya maji haya?"

Naeema aliinua uso. Kiti cha Dakta Wechuli kilikuwa kitupu. Calvince hakuonekana. Nje, gari likang'oa changarawe.

"Mama Akello," akasema. "Mpigie Jaduong'. Sasa. Mwambie atoke pale mlangoni. Akimbie."

Akello hakuuliza kwa nini. Alifungua fundo la kitambaa kiunoni, akatoa kisimu chake kidogo, akabonyeza. Bi. Solheim na wajumbe wengine wakasogea. Simu ililia. Ikalia. Ikalia.

"Akello!" Ilikuwa sauti ya Opiyo, nzima, changamfu, yenye uchovu wa mtu aliyekesha. "Hongera! Wanawake wa bichi wamenipigia, nasikia umewaambia!"

"Opiyo, nisikilize—"

"Ngoja kwanza, mama. Hao wageni wako wa mkutano wamefika mapema. Vijana wazuri, wana adabu. Wamekuja na petroli ya jenereta, wanataka kupiga picha mle ndani, na humo ni giza." Akacheka. "Wiki saba nimekaa hapa nikingoja watu waje waone. Nimewafungulia mwenyewe. Tuko ndani sasa hivi, nawaonyesha lile bomba—"

"Opiyo, toka! Toka nje!"

"Ee? Sikusikii vizuri. Subiri, kuna mtu amefunga mlango."